Umeshika Mnyama Gani?

Mtu mzima anafika zahanati na kidole cha shahada kimevimba. Juu yake kuna kinundu kimoja cha duara, upana wa sentimita 2 hivi: katikati pekundu, kikizungukwa na pete nyeupe, na nje ya pete wekundu tena. Kinamuuma kidogo. Homa hana, anakula, anafanya kazi zake. Mara nyingi ataondoka na dozi ya amoksilini au kloksasilini, na kinundu kikionekana kimejaa maji, kuna atakayekipasua kutafuta usaha. Usaha haumo. Wiki inayofuata mgonjwa anarudi, kidonda kimekua, anaandikiwa dawa kali zaidi. Wiki ya sita kidonda kinakauka na kuanguka chenyewe, na sifa zote zinakwenda kwa kidonge cha mwisho alichomeza.

Swali ambalo lingeokoa safari hizo halihitaji maabara wala umeme: umeshika mnyama gani wiki mbili kabla ya kidonda kuanza, na mnyama huyo alikuwa katika hali gani? Kwa vidonda vya mikono vya wafugaji, wachinjaji na wakamuaji, swali hilo lihesabiwe kuwa kipimo, tena cha kwanza. Lisipoulizwa tunapata hasara mara mbili. Tunapoteza antibayotiki kwa virusi visivyojali antibayotiki, na tunajizoesha kupita bila kuangalia, hadi siku kinapoletwa kidonda cha kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumuua mtu, nacho tukakipita.

Kinundu hicho kina jina: orfu. Kirusi chake ni parapoksi, tawi mojawapo la ukoo mpana wa virusi vya ndui, na makao yake ni mbuzi na kondoo. Wanambuzi na wanakondoo ndio huugua zaidi. Midomo na pembe za kinywa hutoka malengelenge yanayogeuka magaga mazito ya kahawia. Puani nako huwa hivyo, na mara nyingine juu kidogo ya kwato. Mwanambuzi mwenye midomo hiyo akinyonya humwambukiza mama yake chuchuni. Mama akisikia maumivu humpiga teke mtoto, maziwa hujaa kiweleni, na ugonjwa wa kiwele huingia. Ukiwaona wanambuzi wanakufa kwa orfu, wengi wao wamekufa kwa njaa au kwa bakteria walioingia kwenye vidonda, kwa sababu kirusi chenyewe kikiachwa huisha mwilini kwa wiki 3 au 4.

Kirusi hiki hupita kwenye ngozi iliyochubuka. Ndiyo maana hushamiri wakati wa kiangazi, mbuzi wanapolazimika kula miiba na majani makavu yanayowakwaruza midomo. Gaga linaloanguka zizini hubaki na kirusi hai kwa miezi, na mahali pakavu palipoezekwa huweza kupita mwaka. Mfugaji atakuapia kwamba hajaingiza mbuzi mgeni, na anasema kweli: ugonjwa ulikuwa ukimsubiri kwenye vumbi la zizi na ufa wa boriti.

Binadamu naye hupata kwa mchubuko. Kazi zinazomweka hatarini zinajulikana: kumnywesha mwanambuzi chupa huku kidole kikiwa mdomoni, kumpa dawa ya minyoo, kumkamata kwa taya ili atiwe hereni, kumkamua mama mwenye vidonda. Hatari kuliko zote ni kubandua magaga na kusugua kidonda kwa chumvi, majivu au mafuta ya taa. Tiba hiyo inasifiwa sana vijijini, na ni mbaya kwa kila aliyepo. Mnyama huchelewa kupona kwa sababu ngozi mpya inang'olewa pamoja na gaga, kirusi humwagika chini, na anayesugua huwa anasugua kwa kidole kilichochubuka tayari.

Machinjioni na majumbani kuna njia nyingine tusiyoitazama, nayo ni kichwa. Nyama ya mbuzi iliyopikwa haimwambukizi mtu orfu. Lakini kabla kichwa hakijafika motoni kwa ajili ya supu, kuna mtu anayekishika kwa taya, anayetoa ulimi, anayenyoa manyoya kwa wembe. Kama mdomo una magaga na mkono una mkato wa kisu, kila kinachohitajika kimekamilika. Uturuki, ambako familia nyingi huchinja nyumbani wakati wa Idd el-Hajj, madaktari wa ngozi wameripoti mara nyingi makundi ya wagonjwa wa orfu siku chache hadi wiki mbili baada ya sikukuu. Taarifa za namna hiyo zimetoka pia Ufaransa na Ubelgiji, kwa familia za Kiislamu huko. Wengi wao hawakuwa wafugaji. Ni mafundi, makarani na kina mama waliomshika mnyama siku moja tu kwa mwaka. Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam tunachinja vilevile, kwa mikono mitupu vilevile. Daktari anayefanya kazi mwambao na asiulize kuhusu Idd katika wiki hizo amejinyima taarifa ya bure.

Baada ya kuingia, kirusi hukaa kimya siku 3 hadi 7, mara chache zaidi. Kisha kidonda hufuata ratiba ambayo kwa ugonjwa wa ngozi ni ya kushangaza kwa utaratibu wake, kila hatua ikichukua takriban siku 6. Kwanza ni kipele chekundu. Wiki ya pili ni ile shabaha ya duara tatu niliyoieleza mwanzo. Wiki ya tatu juu hupasuka na kutoa majimaji, na hapa ndipo mgonjwa huogopa na daktari hushika kisu. Wiki ya nne hukauka, na chini ya utando mwembamba huonekana vidoa vyeusi. Kisha juu huwa na vinyama vidogo kama sugu iliyochanika, na mwisho gaga kavu huanguka, kwa kawaida bila kovu. Jumla ni wiki 4 hadi 8. Tezi za kwapani zinaweza kuvimba, na mstari mwekundu kupanda mkononi kwa siku chache. Wagonjwa wachache, wiki ya pili au ya tatu, hutokwa na madoa ya duara mikononi na miguuni. Hayo ni mwili unavyojibu kirusi, wala si kwamba kirusi kimesambaa.

Kwa ng'ombe kuna ndugu wawili wa kirusi hicho. Wa kwanza huleta ndui bandia ya ng'ombe: magaga kwenye chuchu ambayo yakianza kupona katikati huacha umbo la pete au la kiatu cha farasi. Mkamuaji hupata vinundu vyekundu vinavyokaribia zambarau, 1 hadi 5, kwenye vidole na mgongo wa kiganja, siku 5 hadi 14 baadaye, na vinapona kwa wiki 4 hadi 6. Wa pili huleta vidonda ndani ya kinywa cha ndama, na humpata anayemfundisha ndama kunywa ndoo kwa kumnyonyesha vidole. Kwa macho huwezi kuvitofautisha virusi hivi vitatu kwenye mkono wa mtu. Hata hadubini ya elektroni haiwezi, maana vyote vina umbo la yai lililozungushiwa uzi. Anayevitofautisha ni mnyama aliyeshikwa, na kipimo cha vinasaba kama kipo.

Edward Jenner, yule daktari wa Uingereza aliyeanzisha chanjo ya ndui, aliandika mwaka 1798 kwamba ipo ndui ya ng'ombe ya kweli na ipo ya uongo, na kwamba ya uongo haimkingi mtu na ndui. Ile ya kweli ni ya Ulaya na sehemu za Asia, hutunzwa na panya wa porini, na siku hizi watu huipata zaidi kwa paka kuliko kwa ng'ombe. Kwa mkamuaji wa Njombe au Nyandarua, la kufikiria kwanza ni ile ya uongo, yaani ndui bandia.

Sasa kuna mnyama anayesingiziwa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa mapele ya ngozi, mwili mzima umejaa vinundu vigumu, anatisha kuliko mbuzi yeyote mwenye orfu, na kila ugonjwa huo unapolipuka watu huacha kumgusa wakiamini watatoka mapele. Ugonjwa huo ulionekana mara ya kwanza Zambia mwaka 1929 na Kenya mwaka 1957, na katika miaka yote hiyo kirusi chake hakijawa ugonjwa wa binadamu. Ndui ya mbuzi na ya kondoo ni hivyohivyo. Inachekesha kidogo: tunamkimbia ng'ombe asiyeweza kutuambukiza, kisha tunambandua mwanambuzi magaga kwa kucha.

Tukirudi kwa kimeta, ambacho ndicho kinachofanya yote haya yawe na uzito. Kimeta cha ngozi nacho hukaa mkononi, nacho humpata mfugaji na mchinjaji, nacho mara nyingi hakiumi. Huanza na kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, likapasuka na kuacha kidonda chenye sakafu nyeusi kama mkaa. Tofauti ya kwanza ni kasi. Kimeta hufika kwenye weusi ndani ya siku chache, kwa kawaida chini ya wiki moja tangu kipele. Orfu ikiwa na vidoa vyeusi basi ni wiki ya nne, na mgonjwa atakuambia kidonda kilikuwa chekundu na kutoa maji kwa muda mrefu. Tofauti ya pili ni uvimbe. Kidonda cha kimeta chenye upana wa sentimita 2 kinaweza kuvimbisha mkono hadi kiwikoni, au uso hadi jicho lifunge, uvimbe laini usiolingana na ukubwa wa kidonda. Orfu huvimba pale ilipo.

Tofauti ya tatu ndiyo kubwa, na haiko kwa mgonjwa kabisa. Mnyama wa orfu yuko hai, ana magaga mdomoni na hataki kunyonya. Mnyama wa kimeta amekufa ghafla, pengine jana alikuwa malishoni, na damu isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Kisha watu wakamchuna na kugawana nyama. Mgonjwa hatasema hayo bila kuulizwa, hasa pale anapojua kuwa kuuza nyama ya kibudu ni kosa. Kwa hiyo namna ya kuuliza ni muhimu. "Ulikula kibudu?" ni mashitaka. "Kuna mnyama aliyekufa au kuchinjwa akiwa mgonjwa pale kijijini, na nani wengine walimshika?" ni swali, na hupata jibu.

Kimeta cha ngozi kisichotibiwa kinaweza kuua hadi mtu 1 katika kila 5. Kikitibiwa, vifo ni nadra. Doksisaiklini au siprofloksasini huanza bila kusubiri majibu ya maabara, na sampuli huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza kwa pamba safi, chini ya ukingo wa gaga jeusi. Kisu hakitumiki: kukata kidonda cha kimeta huweza kukisambaza, na kukata kidonda cha orfu humwachia mtu jeraha ambalo hakuwa nalo. Zipo taarifa za kitabibu za vidole vilivyopasuliwa bure, hata kukatwa, kwa kinundu cha orfu kilichodhaniwa saratani au maambukizi ya kutisha. Yaani katika magonjwa yote mawili hitilafu ni ileile, kisu kimetangulia swali.

Tangu mwaka 2024, mpox (ndui ya nyani) ilipoingia Kenya na baadaye Tanzania, kumezuka mkanganyiko mwingine. Mtu mwenye kidonda kimoja kidoleni anatengwa, anapimwa, majibu yanasema hana, anaambiwa aende nyumbani. Majibu ni sahihi, ila kipimo cha mpox hutafuta virusi vya othopoksi, tawi jingine la ukoo wa ndui, na hakiwezi kuiona parapoksi. Mgonjwa huondoka bila jina la ugonjwa na bila maelekezo. Mpox kwa kawaida huja na homa, tezi na vidonda vingi zaidi, mara nyingi sehemu za siri na usoni. Kidonda kimoja kidoleni kwa mtu aliyemshika mbuzi wiki iliyopita kitufanye tufikirie orfu. Wakazi wa bonde la mto Tana wana ugonjwa wao wa tatu katika ukoo huu, tanapoksi, uliotambuliwa huko mwaka 1957. Huo huanza na homa na kuumwa mgongo, kisha kinundu kimoja au viwili miguuni au mikononi, na hautoki kwa mifugo.

Orfu ikishatambulika, tiba ni fupi kiasi cha kumvunja moyo aliyekuja kutafuta sindano. Vua pete siku ya kwanza, kabla kidole hakijavimba zaidi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka mara 1 kwa siku, kausha, funika kwa shashi kavu na ubadilishe inapolowa. Usikamue, usichome, usipake krimu zenye steroidi zinazouzwa madukani kwa jina la dawa ya ngozi, maana hudhoofisha kinga ya pale pale inapohitajika. Usijifute macho kwa mkono huo. Kama mkato ulikuwa wa kina, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, ambayo mara nyingi ilikuwa na haki ya kutolewa kuliko amoksilini. Antibayotiki huingia pale tu usaha wa kweli unapotokea, maumivu yanapozidi ghafla, au wekundu wa moto unapopanua mipaka yake kila siku.

Kundi moja halitakiwi kuambiwa lisubiri litapona: wenye VVU ambao hawajaanza dawa au dawa hazijawashika, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa figo, na wenye ukurutu mkali. Kwao kinundu huweza kukua kama uyoga, kikapita sentimita 3, kisiondoke kwa miezi. Hao wapelekwe kwa daktari wa ngozi mapema; imikwimodi ya kupaka na sidofoviri zimewasaidia baadhi yao. Kinundu kikubwa kisicho na kawaida kwa kijana mfugaji kinaweza kuwa sababu nzuri ya kumshauri apime VVU.

Zizini kazi ni ya glavu na ya mpangilio. Glavu ziwe za mpira au nitraili; za kitambaa hulowa na kushikilia kirusi kwenye ngozi. Watenge wagonjwa pamoja na mama zao, wape majani laini na maziwa ya chupa, paka iodini yenye gliserini bila kubandua gaga, na mnyama anayenuka kidonda au mwenye funza ndiye apewe antibayotiki. Kwa ng'ombe, kamua wazima kwanza na wenye vidonda mwisho, nawa kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Kopo la mafuta ya kukamulia nalo litazamwe: kidole kinatoka kwenye chuchu, kinachota mafuta, kinarudi kwenye chuchu ya ng'ombe mwingine, na kopo hilo hutembea na kundi zima mwezi mzima. Chota kwa kijiko safi, uweke pembeni ya kutosha ng'ombe mmoja.

Vyombo na mbao za zizi hukwanguliwa na kuoshwa kwa sabuni kabla ya kupuliziwa dawa, kwa sababu klorini hufa ikikutana na samadi. Jiki ya asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, iache mbao zikiwa mbichi dakika 10. Mchanganyiko huo si wa kunawia mikono. Magaga na matandiko yaliyokusanywa yachomwe. Chanjo ya orfu ya mbuzi na kondoo ipo katika baadhi ya nchi, lakini ni kirusi hai kinachokwaruzwa kwenye ngozi, kwa hiyo haipelekwi kwenye zizi ambalo halijawahi kuugua, na mchanjaji asiyevaa glavu huondoka na orfu yake mwenyewe.

Je, serikali ziiingize orfu kwenye orodha za magonjwa ya kipaumbele? Sidhani. Kenya ilipopanga orodha yake mwaka 2015 iliweka juu kimeta, malale, kichaa cha mbwa, brusela na Homa ya Bonde la Ufa, na sioni hata mmoja wa kumwondoa ili orfu ikae. Ugonjwa unaopona wenyewe usipewe bajeti ya magonjwa yanayoua. Ninachokitaka ni kidogo na kinahusu kimeta chenyewe: mganga wa zahanati hukutana na kimeta mara chache, lakini katika eneo la wafugaji orfu na vinundu vya wakamuaji viko karibu naye mwaka mzima. Akizoea kuuliza habari za mnyama kwa vidonda visivyo na hatari, siku ya kidonda cha hatari atauliza bila kukumbushwa. Neno "mkulima" kwenye kadi halitoshi, kwa sababu karani aliyechinja juzi haandikwi mkulima.

Swali likishaulizwa na jibu likawa mnyama aliyekufa ghafla, taarifa isibaki chumbani. Siku hiyohiyo afisa mifugo wa kata apigiwe simu, aambiwe kitongoji, aina ya mnyama, siku aliyokufa, mzoga uko wapi, ngozi imeuzwa kwa nani na kaya zipi zilipata nyama. Mzoga ambao haujafunguliwa usifunguliwe, maana mbegu za kimeta zikipata hewa huingia udongoni na kukaa miongo. Waliomchuna waitwe wakaguliwe mikono, na waambiwe warudi wakiona kipele chochote cha kuwasha au wakipata homa.